Kitu kisichoundwa na binadamu kikifukuliwa Katanga, ni nani angekitambua kwanza?

Binti Kamalondo, Lubumbashi

Ndugu wasomaji, salamu kwenu nyote. Ninaandika hadithi ndefu ya kisayansi ambayo kiini chake ni siku binadamu anapokutana kwa mara ya kwanza na chombo kilichoundwa na viumbe wasio wa dunia hii, na nimefika mahali ambapo siwezi kuendelea bila msaada wa watu wanaojua madini, sheria na mambo ya kale kuliko mimi. Sitaki chombo hicho kishuke juu ya mji mkuu wa nchi kubwa mbele ya kamera za televisheni. Ninataka kifukuliwe na wachimbaji wadogo katika shimo lililo kati ya Likasi na Kolwezi, kikiwa na urefu wa mkono wa mtu, kimefunikwa na udongo mwekundu na ukoko wa malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, kisha kibebwe ndani ya gunia pamoja na mawe mengine hadi kwenye depo la mnunuzi.

Nimechagua Katanga kwa sababu ardhi yetu imewahi kutoa kitu kilichogeuza dunia kabla watu waliokichimba hawajaambiwa ni kitu gani. Madini ya Shinkolobwe yaligunduliwa mwaka 1915. Mwanzoni kampuni ya Union Minière iliyachimba kwa ajili ya radiamu, ambayo ilikuwa ghali sana Ulaya kwa matibabu ya saratani, huku urani yenyewe ikihesabiwa kuwa mabaki yenye kazi ndogo ya kutia rangi vioo na vyombo vya kauri. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, aliagiza zaidi ya tani 1,000 za madini hayo zipelekwe New York, zikakaa katika ghala kwenye Staten Island mpaka jeshi la Marekani lilipokuja kuzinunua mwaka 1942. Miaka mitatu baadaye Hiroshima iliteketea. Nikiwaza juu ya chombo cha viumbe wengine kuangukia mikononi mwa binadamu, siwazi kitu kingine ila magunia hayo.

Katika rasimu yangu, mnunuzi anakielekezea chombo ile mashine ya kupimia madini ambayo wachimbaji huiita Metorex, na kioo chake kinaonyesha kwamba chuma hicho hakimo katika orodha ya elementi zinazojulikana. Anaitwa mhandisi kijana kutoka Lubumbashi, na baada ya wiki chache anafumbua kazi ya chombo hicho. Kaka yangu, ambaye amesoma fizikia, aliniambia kwamba sura hizo hazisimami, lakini hakunionyesha namna ya kuzisimamisha. Basi naomba mnisaidie. Ni nani hasa angekuwa wa kwanza kutambua kwamba kitu hicho hakikutoka katika mkono wa binadamu, angetambua kwa dalili gani, na baada ya hapo kingekuwa mali ya nani?

Fundi wa Maabara, Likasi

Dada, kaka yako amesema kweli, na sura ya mashine ndiyo ya kurekebisha kwanza. Mashine hiyo hulipiga jiwe kwa eksirei, kisha husoma miale ambayo kila elementi huirudisha kwa namna yake. Haiwezi kuonyesha elementi mpya, kwa sababu shaba ya nyota nyingine ni shaba hiihii ya kwetu yenye protoni 29. Mwanga wa nyota umechambuliwa tangu karne ya 19, na hakuna elementi iliyoonekana humo ambayo leo haimo katika jedwali linalofundishwa shuleni. Kwa hiyo mnunuzi wako angeona majina ya kawaida kabisa, kama nikeli, bati na titani, pamoja na asilimia zake. Tena mashine za mkononi hazizioni elementi nyepesi, kama vile kaboni na oksijeni, hivyo sehemu ya chombo iliyotengenezwa kwa hizo ingekuwa kama haipo. Angesoma asilimia ndogo ya kobalti, angesema mzigo ni mbovu, na angekitupa kitu hicho kwenye rundo la mawe yasiyo na bei. Kwa maoni yangu, tukio hilo lina uzito kuliko kioo kinachotoa majibu ya ajabu.

Ushahidi unakaa ndani zaidi, katika isotopu. Atomu za elementi moja hazina uzito sawa zote. Katika shaba, takriban asilimia 69 ya atomu ni za namba 63 na zilizobaki ni za namba 65, na uwiano huo hubadilika kidogo sana ukitoka Kolwezi kwenda Zambia au Chile, kwa kuwa jua na sayari zake vilitokana na wingu moja lililochanganyika vizuri miaka bilioni 4.6 iliyopita. Kitu kilichotengenezwa kwa malighafi ya nyota nyingine kingekuwa na uwiano wake chenyewe. Wala hilo si la kubuni. Kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kina chembe ndogo mno za silikoni kabidi ambazo ni kongwe kuliko jua, na zilitambuliwa kwa isotopu zake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba baadhi yake zinafikia umri wa miaka bilioni 7.

Ninakuomba usiutegemeze ushahidi wako juu ya kobalti, ingawa najua inavutia kwa sababu ndiyo inayoufanya mkoa wetu utajwe duniani. Kobalti ina isotopu moja tu iliyo thabiti, ile ya namba 59, kwa hiyo kobalti ya huku na kobalti ya nyota nyingine haziwezi kutenganishwa kwa njia hiyo. Chagua bati, ambayo ina isotopu thabiti 10, nyingi kuliko elementi nyingine yoyote. Madini ya bati yanapatikana Manono na Kivu, hivyo mhusika wako atakuwa na sampuli za nyumbani za kulinganisha.

Na hata uwiano ukikataa kulingana na wa dunia, mkemia mwangalifu hatakimbilia kutangaza. Mwaka 1972, katika kiwanda cha Pierrelatte nchini Ufaransa, urani iliyotoka Oklo, Gabon, ilionekana kuwa na asilimia 0.7171 ya isotopu namba 235 badala ya 0.7202. Tofauti hiyo, ambayo mtu asiye wa kazi angeipuuza, ilianzisha uchunguzi mkubwa, na jibu lake lilikuwa la ajabu kuliko walivyotarajia: takriban miaka bilioni 2 iliyopita mwamba wenyewe ulifanya kazi kama tanuri la nyuklia, ukisaidiwa na maji ya ardhini na wingi wa isotopu hiyo katika zama zile, bila mkono wa mtu yeyote. Mpe mhusika wako muda mrefu wa kutafuta maelezo ya asili, ayapitie yote moja baada ya jingine na kuyakuta hayatoshi, ndipo umruhusu aandike katika ripoti yake ile sentensi anayoiogopa.

Jambo jingine dogo. Usikiweke chombo ndani ya mwamba wa shaba wenyewe. Miamba hiyo ilikunjwa na kusukumwa na nguvu za ardhi takriban miaka milioni 500 iliyopita, na kitu chochote kilichokuwemo kingesagika. Kiweke katika udongo na mwamba uliooza wa juu, ambako maji yenye shaba hupenya na ambako malakiti ingeweza kukivika polepole.

Mama wa Kolwezi

Fundi ametufundisha vizuri habari za mashine, nami nimejifunza. Lakini swali la dada lilikuwa ni nani angetambua kwanza, na jibu la swali hilo limo ndani ya shimo kabla gunia halijafika kwenye depo. Mume wangu alichimba kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nimeosha na kuchambua mawe mtoni pamoja na wanawake wenzangu, kwa hiyo ninayoyasema ninayajua kwa mikono yangu.

Mchimbaji halitii jiwe gunia bila kulipima kwanza kiganjani. Hulilowesha maji, hulisugua kwa kidole gumba, hulipasua na kutazama rangi ya ndani. Heterogeniti, yaani jiwe lenye kobalti, ni nyeusi na huacha weusi vidoleni. Malakiti hujionyesha yenyewe kwa kijani chake. Jiwe lililo jepesi kuliko ukubwa wake hurudishwa chini palepale, kwa sababu kila kilo itakayopanda itapandishwa kwa kamba na kwa jasho la mtu. Kule chini mwanga ni wa tochi ya kichwani tu, na vumbi ni jingi, kwa hiyo sikio hufanya kazi kabla ya jicho. Sululu ikigonga udongo mkavu hutoa mlio mmoja, ikigonga mwamba mgumu mlio mwingine, na wanaume waliozoea hugeuka wote kwa pamoja mlio ukibadilika, maana huenda ni madini na huenda ni ukuta unaotaka kuanguka. Ukiweka humo kitu ambacho hakijawahi kuwamo, watu hao watajua kwamba si jiwe kabla hawajakiona.

Kuna dalili nyingine ambayo hakuna aliyeitaja. Chuma hupoza mkono. Ukikishika chini ya shimo, ambako hata hewa ni ya unyevu, unahisi baridi yake mara moja. Ikiwa chombo chako kinang'aa kama chuma mahali malakiti ilipobanduka, lakini mkono ukikigusa hausikii baridi, mchimbaji atakitoa mkono wake na kukirudisha tena ili ahakikishe, kisha atamwita mwenzake naye aguse. Fundi ataeleza sababu kwa maneno ya kitaalamu. Mimi nasema tu kwamba mtu wa shimoni angeliona jambo hilo siku ya kwanza.

Nakusihi pia, dada, usiandike kwamba walitupa sululu na kukimbia wakisema ni uchawi. Nimechoka kusoma hadithi ambazo mtu wa kwetu akiona jambo geni, akili humtoka. Wachimbaji wangekaa chini na kushauriana. Wangeuliza ni nani amekiona, kama aliyechimba na aliyevuta kamba watagawana sawa, na kama kukipeleka kwa mnunuzi ni busara au ni kujitafutia matatizo na walinzi wa eneo. Mmoja angetaka kusali kwanza, na hakuna ubaya katika hilo.

Fundi wa Maabara, Likasi

Mama amenifunga mdomo, na dalili yake ya baridi ni sahihi kisayansi. Chuma huonekana baridi kwa sababu hupitisha joto upesi, hivyo hulinyonya joto la kiganja. Kitu chenye mng'ao wa chuma ambacho hakinyonyi joto ni kitu kilichopangwa ndani yake kwa namna ambayo viwanda vyetu haviiwezi kwa urahisi. Mashine ya mnunuzi ingekosa kuliona hilo, na maabara ingelipima baadaye sana. Kwa hiyo ninakubali kwamba mtu wa kwanza ni mchimbaji.

Kijana wa Kadutu, Bukavu

Samahani kwa kuingilia kati. Je, si rahisi zaidi chombo hicho kipite angani kuliko kifukuliwe? Tangu mwaka 2017, ilipoonekana Oumuamua kwa darubini iliyoko Hawaii, tumekwisha kuona vitu vitatu vilivyotoka nje ya mfumo wa jua, cha pili mwaka 2019 na cha tatu mwaka 2025. Cha kwanza kilizua mjadala mkubwa, kwa sababu kiliongeza mwendo kidogo kuliko mvuto wa jua unavyoruhusu na hakikuonekana kuwa na mkia wa nyotamkia, hata mwanaastronomia mmoja maarufu wa Harvard, Avi Loeb, akapendekeza kwamba huenda ni kitu kilichoundwa.

Mwalimu wa Historia, Goma

Kijana wetu wa Bukavu ana hoja, lakini wanaastronomia wengi wameridhika na maelezo ya asili kuhusu kitu hicho, na kwa vyovyote vile kilikwenda zake bila mtu kukigusa. Dada anaandika juu ya kugusa. Mimi nataka kuzungumzia zile wiki chache za mhandisi kijana, kwa sababu hapo ndipo hadithi inapopoteza imani yangu.

Huku kwetu Kivu ya Kaskazini, mahali Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, pako Ishango. Mwaka 1950 mtaalamu wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa mdogo wenye urefu wa takriban sentimita 10, uliotiwa kipande cha kwatzi nchani na kuchorwa mikato iliyopangwa katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Ukihesabu mikato, safu mbili zinatoa jumla ya 60 kila moja na ya tatu inatoa 48, na katika safu mojawapo makundi yanafuatana 11, 13, 17 na 19. Wako waliosema kwamba ni hesabu ya namba tasa, wako waliosema kwamba ni kalenda ya mwezi, na wako wanaosema kwamba mikato ilikuwa ya kuzuia mkono usiteleze. Mfupa uko Brussels, umepigwa picha na kutazamwa kwa darubini za kila aina, na zaidi ya miaka 70 baadaye wataalamu hawajakubaliana. Fikirini basi ni nani aliyeuchora: mtu mwenye vidole kumi kama vyetu, akili kama yetu, aliyeutazama mwezi huuhuu juu ya ziwa hilihili. Ikiwa kazi ya mkono wa babu yetu inatushinda, mhandisi wa kubuniwa atafumbuaje kwa wiki chache kazi ya kiumbe ambaye hatujui kama ana mikono?

Ule mtambo wa Antikythera, mashine ya kale ya Wagiriki ya kukokotoa mienendo ya jua na mwezi, nao unafundisha jambo hilohilo. Ulitolewa katika meli iliyozama karibu na kisiwa cha Ugiriki mwaka 1901, ukiwa bonge la shaba iliyoliwa na bahari. Ulikuwa na maandishi ya Kigiriki, lugha inayosomwa hadi leo, na bado ilibidi kungoja hadi mwaka 2005, ulipopigwa picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, ndipo mpangilio wa magurudumu yake ya meno, yasiyopungua 30, ulipoanza kueleweka vizuri.

Hata hivyo nakuachia mlango mmoja. Kuna kitu kilichotengenezwa ili kieleweke na kuna kitu kilichotengenezwa ili kifanye kazi, na lazima uamue chombo chako ni cha aina gani. Binadamu ametuma cha aina ya kwanza. Vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vimebeba kila kimoja sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu katika lugha 55 pamoja na muziki wa mataifa mengi. Kwenye jalada la sahani pamechorwa namna ya kuicheza, na pamepakwa urani namba 238 iliyo safi, ambayo nusu yake huoza kwa takriban miaka bilioni 4.5, ili atakayeiokota apime iliyobaki na kujua sahani ilitengenezwa lini. Miongoni mwa nyimbo hizo umo wimbo wa unyago wa wasichana wa Wambuti, uliorekodiwa na Colin Turnbull katika msitu wa Ituri. Voyager 1 ilivuka mpaka wa anga la jua mwaka 2012. Siku moja, mbali sana na hapa, huenda viumbe wengine wakakutana kwa mara ya kwanza na teknolojia ya kigeni, na ndani yake wakasikia sauti za mabinti wa Ituri.

Ningekuwa mimi ndiye mwandishi, nisingekifanya chombo cha Katanga kuwa barua. Ningekifanya zana iliyovunjika, kipande tu cha kitu kikubwa zaidi, ambacho waliokitengeneza hawakuwahi kufikiri kwamba kitaokotwa na mtu yeyote. Msomaji angeishia kujua mambo mawili au matatu kwa hakika, na mengine yote yangebaki wazi.

Binti Kamalondo, Lubumbashi

Mama, Mwalimu, Fundi, na wewe ndugu wa Kadutu, sikutegemea msaada wa kiasi hiki. Mhandisi kijana nimemwondoa kabisa. Sura ya kwanza sasa inaanza hivi, na naomba mniambie kama mwaiamini:

"Sululu iligonga, na mlio haukukatika. Mchimbaji akangoja uishe. Nyuma yake mwenzake alikuwa ameacha kuvuta gunia, na wote wawili walitazama ukuta wa udongo uliokuwa kimya, wakisubiri kuona kama utaanguka. Haukuanguka. Akachimbua kwa vidole kuzunguka kile kitu, akakibandua ganda la kijani kwa ukucha, na chini ya ganda pakang'aa. Akaweka kiganja. Akakitoa, akakifuta kwenye suruali, akakiweka tena. 'Njoo ushike,' alisema. Mwenzake akashika, akanyamaza kitambo, kisha akauliza: 'Mbona si baridi?'"

Swali langu la mali bado halijajibiwa, nalo ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu nusu ya pili ya hadithi inategemea jibu lake.

Mzee wa Sheria, Lubumbashi

Mwanangu, kipande hicho nakiamini. Sasa nikujibu la mali, maana ndilo nililolifanyia kazi maishani.

Sheria za anga hazitakusaidia. Mkataba wa mwaka 1967 unaiachia nchi iliyorusha chombo umiliki wake popote kitakapoangukia, na makubaliano ya mwaka 1968 yanaitaka nchi kilipoangukia ikirudishe kikiombwa. Mikataba yote hiyo inadhani kwamba chombo kina nchi iliyokirusha. Chombo kisicho na nchi kinaiacha mikataba hiyo bila la kusema. Wapo pia wanasayansi wa chuo cha kimataifa cha anga waliokubaliana mwaka 1989 juu ya kanuni za kufuatwa ishara ya viumbe wengine ikigunduliwa, lakini kanuni hizo hazina nguvu ya sheria, na ziliandikwa zikiwafikiria watu wenye darubini za redio. Mtu mwenye sululu hakufikiriwa.

Tunabaki na Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, ambayo chini yake madini yote ardhini ni mali ya Serikali, na mchimbaji mdogo huruhusiwa kuchimba akiwa na kadi katika eneo lililotengwa. Wakili wa wachimbaji wako atasema kwamba chombo kilichoundwa si madini, na atakuwa na hoja nzuri. Lakini angalia Serikali ingepitia mlango gani. Marekebisho ya mwaka 2018 yanaruhusu kutangazwa kwa amri kwamba kitu fulani ni madini ya kimkakati, na mwaka huohuo amri kama hiyo ilitolewa kwa kobalti, koltani na germani. Ofisa mwerevu katika hadithi yako hatabishana kuhusu viumbe wa nyota. Ataandaa amri ya ukurasa mmoja inayotaja aloi yenye bati na nikeli, na kitu hicho kitakuwa cha kimkakati kabla gazeti lolote halijaandika habari zake.

Kuna njia nyingine ya kukiondoa, na hii ni ya kwetu kabisa. Mwaka 1976 kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG ilipewa na Serikali ya Zaire eneo kubwa mno kaskazini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, juu ya bonde la Mto Luvua, ili ijaribu maroketi yake. Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977. Ya tatu ilirushwa tarehe 5 Juni 1978 mbele ya Rais Mobutu, nayo ikaanguka. Mwaka 1979 kazi ikasimamishwa kwa shinikizo la kisiasa kutoka nje. Basi mtu atakayetaka kuwanyamazisha wachimbaji atasema kwa sauti ya upole kwamba wameokota mabaki ya roketi ya OTRAG. Maelezo hayo yana tarehe, yana wazee wanaokumbuka, na yana faida moja ya kisheria: yanakipa chombo mwenyewe aliye Ulaya ambaye anaweza kudai kirudishwe. Ningeiandika sura hiyo kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kukitoa kitu hicho nchini bila kusema uongo ulio wazi.

Shinkolobwe usiiache mwaka 1945. Mwaka 2004 mgodi ule ulifungwa kwa amri ya Rais, na mwaka huohuo sehemu yake iliporomoka na kuwaua wachimbaji waliokuwa bado wanaingia. Watu wako wa shimoni wangekuwa na kumbukumbu hiyo, na wangejua maana ya askari kuzungushia shimo kamba.

Binti Kamalondo, Lubumbashi

Mzee, asante sana. OTRAG inaingia katika sura ya nane. Nina swali moja la mwisho kwa Fundi: je, uongo huo wa roketi ungeweza kukanushwa kwa ushahidi ambao wachimbaji wenyewe wanao mkononi? Na je, ili isotopu zichunguzwe vizuri, ni kweli kwamba chombo chote kingelazimika kupelekwa ng'ambo?

Fundi wa Maabara, Likasi

Kuhusu roketi, ndiyo. Maroketi ya OTRAG yalikuwa mafungu ya mabomba ya chuma yaliyojazwa asidi ya nitriki na mafuta, na kipande cha bomba hilo fundi yeyote wa kuchomelea wa Likasi angekitambua. Isitoshe, ukoko mnene wa malakiti haujengeki kwa miaka 50. Wachimbaji wahifadhi lile ganda walilolibandua kwa ukucha. Mtu akiwaambia kwamba kitu hicho kilianguka mwaka 1978, ganda lenyewe linampinga, na mwanajiolojia yeyote anaweza kulithibitisha hapahapa Lubumbashi.

Kuhusu kusafirisha, jibu ni hapana. Mashine zinazopima isotopu ni ghali na si nyingi barani Afrika, hivyo sampuli itakwenda Afrika Kusini au Ulaya. Lakini sampuli hiyo ni unga tu. Kwa bati au nikeli, miligramu chache zinatosha, kiasi ambacho kingekaa chini ya ukucha uleule wa mchimbaji, na uchunguzi unaweza kurudiwa katika maabara mbili au tatu zisizojuana ili majibu yalinganishwe. Kazi yote hiyo inawezekana huku chombo kikiwa kimefungiwa Lubumbashi. Kwa hiyo katika hadithi yako, yeyote atakayesema kwamba lazima kiondoke kizima kwa ajili ya sayansi, mwandikie sababu nyingine, maana sayansi haitakuwa imemtuma.